Ngozi Zilizomfunika Mzee

Nyumba ya Mzee Reli ilikuwa imevalia manyoya. Ndivyo Inspekta alivyoiona alipovuka kizingiti asubuhi ile, viatu mkononi, maana binti wa mwenye nyumba alikuwa amemwomba asikanyage mazulia kwa matope. Kuta zilikuwa za mawe yasiyochongwa na dari ya magogo yaliyoachwa na maganda yake, na kila jicho lilipotua lilikuta ngozi. Ya kondoo mweupe juu ya benchi la dirishani. Ya ndama wa madoadoa mbele ya kabati. Ya mbuzi wa rangi ya asali imetupwa kwenye mgongo wa kiti cha kuyumba. Hata ngazi ya kwenda chumba cha juu ilikuwa na kipande cha manyoya kwenye kila kidato. Aliyezipanga alijua kazi yake. Penye jiwe baridi aliweka sufu nene, penye mbao nyeusi akaweka rangi ya maziwa, na jengo ambalo lingebaki ghala likawa mahali pa mtu kujinyoosha na kuusahau ulimwengu.

"Sasa ona mapengo, Afande," alisema Koplo, kijana mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa kuhukumu. "Hapa katikati palikuwa na ngozi kubwa ya ng'ombe. Haipo. Kwenye kochi, mbili za kondoo. Hazipo. Na hapa mbele ya meko, ile nyeusi ya mbuzi. Nayo haipo."

"Tatu tunazo kituoni," Inspekta akamjibu. "Mzee alikutwa amelala juu ya moja na kufunikwa mbili."

"Ndiyo. Inabaki nyeusi. Huo ndio wizi wenyewe."

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ya jana, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, muuguzi wa zahanati iliyo chini ya kilima alisikia kengele ya mlangoni ikilia kwa fujo. Alipofungua hakuona mtu, ila mzigo wa manyoya kizingitini. Ndani ya mzigo alikuwamo Mzee Reli, dereva wa treni mstaafu, mjane aliyeishi peke yake kilimani, hana fahamu, ana jeraha kichwani. Alikimbizwa hospitali ya mjini. Kufika jioni, polisi walikuwa na mtu wao. Aliitwa Fundi Pambo, mpambaji aliyekuwa akiitandika nyumba hiyo ngozi tangu majira ya joto. Muuza maziwa alikuwa amewasikia wakizozana siku chache nyuma, Mzee akifoka, "Niambie unazitoa wapi!" na fundi akigoma kusema. Mkuu wa kituo hakutaka ushahidi mwingine. Ngozi ni za wizi, mzee kagundua, mzee kapigwa. Leo jioni fundi asomewe mashtaka, mambo yaishe.

Lakini Inspekta hakuwa mtu wa kumeza bila kutafuna. Aliomba apewe mchana mmoja.

Binti wa Mzee, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa wa mwisho kuzaliwa, alisimama karibu na ngazi akiwa amejifunga kanga juu ya sweta. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kukesha hospitalini.

"Mama, nikuulize kitu?" alimwambia Inspekta.

"Uliza, mwanangu."

"Mwizi gani anampiga mtu kisha anamfunika? Muuguzi kaniambia Baba alikuwa amechomekewa manyoya mpaka chini ya nyayo, kama mtoto mchanga. Daktari naye anasema baridi ya asubuhi ile ingemmaliza. Huyo mtu, hata kama ndiye aliyempiga, mimi nina shukrani naye. Mkimpata, nipeni nafasi nimwambie ahsante kabla hamjamfungia."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka.

Walianzia mlango wa jikoni, ambao komeo lake lilikuwa limechomoka mahali pake.

"Mtaimbo," Koplo alisema.

"Mtaimbo ungeitafuna mbao. Angalia." Inspekta alipitisha ukucha kwenye ufa wa fremu. Palikuwa na alama moja tu, nyembamba na ndefu, imenyooka. "Hiki ni kisu kipana. Kimeingizwa hapa, kikalazwa, komeo likasukumwa juu. Alikuwa na haraka, lakini mkono wake umezoea kisu."

Walirudi sebuleni. Inspekta alichutama mbele ya meko. Jivu lilikuwa limeshikana kama uji ulioganda, na sufuria ya jikoni ilikuwa imepinduka pembeni.

"Nani kamwaga maji hapa?"

Koplo na Kitinda walitazamana.

"Na madirisha? Baridi yote hii, kwa nini yako wazi?"

"Niliyakuta hivyo," Kitinda alisema. "Nikadhani ni polisi."

"Sisi hatukugusa," Koplo akasema. Kisha akaona ameulizwa kwa macho, akajitutumua. "Labda alikuwa anaficha ushahidi, Afande."

"Ushahidi wa nini? Wa joto?"

Inspekta alitia vidole ndani ya jivu na kutoa donge jeusi jepesi. Mkaa.

"Baba yako huota mkaa?"

"Hapana, kuni. Ila juzi mvua iliziloweka zote. Alinipigia simu akasema baridi imeanza, atawasha mkaa, nisihangaike."

"Kwa hiyo huu ulikuwa moto wake wa kwanza tangu joto liishe."

"Wa kwanza kabisa."

Inspekta aliomba gazeti la zamani. Alilikunja, akaliwasha kwa kiberiti, akalishika chini ya dohani, lile bomba la mawe linalopandisha moshi mpaka nje ya paa. Wote watatu waliinama kutazama. Moshi ulipanda kidogo, ukasita kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa, kisha ukageuka na kuwajia usoni. Kitinda alikohoa. Inspekta akazima gazeti kwenye jivu, akaomba ufagio.

"Rudini nyuma."

Aliingiza mpini wa ufagio juu ndani ya dohani na kusukuma. Kitu kilikuwa laini, kikasogea, kikang'ang'ania. Alisukuma tena, safari hii kwa mikono yote miwili. Masizi yakamwagika, kisha kikaporomoka kitu kama mnyama, kikaangukia jivuni, na Kitinda akapiga ukelele akarukia kwenye ngazi.

Ilikuwa ngozi ya mbuzi, nyeusi, imekunjwa ikakunjuka.

"Mali yako ya wizi hiyo," Inspekta alimwambia Koplo, ambaye alikuwa anapiga chafya mfululizo.

Kitinda alishuka kidato kimoja. Mkono aliuweka mdomoni. "Baba na popo wake! Wakati wa joto alikuwa analalamika popo wanaingia kupitia dohani, wanachafua mazulia mapya. Nikamwambia nitaleta fundi. Akasema suala dogo, ameshalimaliza. Ile nyeusi hakuipenda tangu siku ya kwanza. Alisema inamwangalia."

"Basi ndiyo aliyoizibia. Baridi ikaja, akasahau." Inspekta alipangusa mikono. "Kuni zingemkumbusha, maana moshi ungemjaa machoni. Mkaa hauna moshi wa kumwonya mtu. Sumu yake haina rangi wala harufu. Alikaa akiota moto, usingizi mzito ukamjia, akashtuka na kichwa kikimzunguka, akainuka." Alionyesha ncha ya jiwe la ukingo wa meko, ambapo palikuwa na doa la damu lililokauka, chini, karibu na sakafu. "Na hapa akaangukia. Mtu aliyepigwa wima haachi damu chini namna hii na kwingine kote pasafi."

"Kumbe hakuna aliyempiga," Kitinda alinong'ona.

"Hakuna mkono uliompiga. Kuna mkono uliomtoa. Ukazima moto, ukafungua madirisha, ukamfikisha zahanati. Sasa tunautafuta huo."

"Ni Fundi Pambo basi," Koplo alisema, akibadili upande bila aibu. "Tumfungulie, tumpe mkono."

"Tangu jana jioni yuko ndani. Mtu aliyeokoa roho ya mwenzake ana sababu gani ya kunyamaza?"

Inspekta akatoka nje kupitia jikoni na kuzunguka nyumba polepole, macho chini. Nyasi za mteremko zilikuwa zimelala kwa upana wa meza, mstari mmoja ukielekea zahanati, na mahali mahali zilikuwa zimekandamizwa zaidi, pale mvutaji alipotua kupumua. Alikuwa mtu mmoja. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la kuni, na ndani ya banda, juu ya kuni zilizolowa, palikuwa na gunia safi lililoviringishwa na kufungwa kamba ya katani. Alilipanua kidogo upande mmoja. Sufu nyeupe ilichungulia, nene, mpya kabisa.

"Hii iliagizwa?" alimuuliza Kitinda.

"Ilibaki moja ya chumbani kwa Baba. Lakini Fundi aliniaga juzi kwamba anakwenda mjini kununua nyuzi. Sijui imefikaje."

Inspekta hakukifungua kifundo cha ile kamba. Alikitazama kwa muda, akalibeba gunia kama lilivyo mpaka garini.

Kituoni, ngozi ya ng'ombe ilikuwa imetandazwa kwenye chumba cha vielelezo, juu ya meza mbili zilizounganishwa. Kipande cha kamba kilikuwa bado kinaning'inia kwenye pembe mbili za upande wa shingo, kikiwa kimepitishwa kwenye matundu. Inspekta alipitisha kiganja kutoka shingoni kwenda mkiani. Manyoya yalilala, laini kama maji. Alirudisha kiganja, nayo yakasimama, yakakwaruza.

"Koplo, vua kofia ulale hapa."

"Wapi, Afande?"

"Juu ya ngozi. Ipeleke kwenye ujia, manyoya chini."

Askari wa kaunta waliacha kuandika. Koplo alijilaza sakafuni juu ya ngozi, amenyooka kama maiti, masikio yamemwiva. Inspekta alishika upande wa mkia na kuvuta. Ngozi iligoma. Alivuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, Koplo hakusogea hata shibiri. Akazunguka, akashika kamba ya upande wa shingo, akaegemea nyuma. Koplo akateleza, kwanza kidogo, halafu kwa mwendo, mpaka akapita mlango wa Mkuu wa kituo ambaye alikuwa anatoka na kikombe chake cha chai.

"Kuna nini hapa?" Mkuu aliuliza.

"Ushahidi, Mzee," Koplo alijibu akiwa chini.

"Nina umri wa mama yake," Inspekta alisema akihema, "na nimemvuta. Aliyemtoa Mzee Reli hakuhitaji kuwa na nguvu za tembo. Alihitaji kujua ngozi inalala upande gani, na kufikiri haraka. Nikipata jina lake kabla ya jioni, hutakuwa na kesi."

Mkuu aliitazama ile ngozi, akamtazama Koplo. "Jioni," alisema, akaondoka na chai yake.

Fundi Pambo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamume mwembamba, vidole vimejaa matundu ya sindano, na uso wa mtu ambaye hakulala. Inspekta alimwagizia chai kwanza, akasubiri anywe nusu.

"Hospitali wamepiga simu. Mzee Reli amezinduka," alimwambia.

Fundi aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Mungu ni mwema. Nilikuwa siwezi hata kuuliza. Nikiuliza, wananiambia nijibu kwanza."

"Nami nataka unijibu. Ngozi unazitoa wapi?"

Uso ulijifunga kama duka siku ya mvua. "Hilo siwezi, Afande."

"Ni za wizi?"

"Haki ya Mungu, hapana."

"Basi kwa nini Mzee alifoka?"

"Kwa sababu alizipenda. Alitaka kujua ni nchi gani wanakofuga wanyama wa manyoya mazuri hivyo. Aliwaambia watu zimetoka ng'ambo. Nami nilimwapia mwenye ngozi kwamba sitamtaja. Mtu akikuamini, Afande, humuuzi."

Inspekta alilinyanyua lile gunia la bandani, akaliweka mezani. Kando yake akaweka kamba aliyoichomoa kwenye ngozi ya ng'ombe. Katani ileile. Kifundo kilekile, cha kitanzi kilichopigwa mara mbili na kufichwa ncha yake kwa ndani.

"Hili liliachwa bandani jana asubuhi, wewe ukiwa mjini. Hii imemvuta Mzee mpaka zahanati. Aliyefunga hapa ndiye aliyefunga pale. Ona na matundu haya ya ngozi: mafupi, safi, hayakuchanika hata kwa uzito wa mtu mzima. Mlango nao umefunguliwa kwa kisu kipana. Na kamba inanuka mafuta ya nyama." Aliisogeza kamba mbele ya Fundi. "Kazi yake sihitaji uniambie. Nadhani ni mtu wa bucha. Lakini mabucha ni mengi, na jioni haiko mbali. Huyo unayemlinda, Fundi, ndiye aliyempa Mzee pumzi anayovuta sasa hivi. Wala hakuna anayejua, hata wa kumwambia ahsante."

Fundi Pambo alikuwa ameishika ile kamba. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Alikuwa yeye?" alisema. "Yeye mwenyewe alimvuta?"

"Nani?"

"Mkamwana wa Mzee, Afande. Mke wa mwanawe."

Bucha lilikuwa mwisho wa mtaa wa soko, dogo, lina vigae vyeupe vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa mabega, amevaa koti jeupe na mabuti ya mpira, naye alikuwa anateremsha shata la bati la mlangoni mchana kweupe. Mtaa mzima walimwita Mama Bucha. Alipoona sare, akaliacha shata nusu.

"Nilikuwa nakuja kwenu," alisema kabla hajasalimiwa. "Mteja kaniambia sasa hivi tu kwamba Fundi yuko ndani kwa ajili ya Baba. Hana kosa yule. Mlango nimevunja mimi."

Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, na vitambaa vilikuwa na damu.

"Ya ng'ombe hiyo?" Koplo aliuliza.

"Ya kwangu. Kamba haina huruma."

Inspekta aliomba kiti, akakaa, akamwambia naye akae. Mama Bucha alieleza bila kupamba. Yeye ndiye aliyekuwa akizitoa ngozi, akizichagua mwenyewe moja moja na kumpelekea mtu wa kuzilainisha kabla ya kumpa Fundi. Mumewe, dereva wa malori ya masafa, alikuwa amemwambia kwamba magoti ya baba yake humsumbua baridi ikiingia. Basi kila alipopata mnyama mwenye manyoya mazito aliweka ngozi pembeni, akawa anaziacha bandani asubuhi, kabla Mzee hajaamka, kisha anakwenda kufungua duka.

"Kwa nini kwa siri?" Inspekta aliuliza.

"Siku niliyopelekwa kutambulishwa, Baba alisema mwanawe hawezi kuoa mtu anayenuka damu. Mume wangu akaudhika, hakurudi tena kwake. Mimi sikuwa na ugomvi naye. Mzazi ni mzazi. Lakini angejua ngozi zinatoka kwangu, angezitupa zote nje, na magoti yangeuma vilevile."

"Na jana?"

"Jana niliweka gunia, nikawa naondoka. Nikaona taa ya sebuleni inawaka na kumeshaanza kupambazuka. Baba si mtu wa kuacha taa. Nikachungulia dirishani, nikaona miguu." Aliangalia viganja vyake. "Nikaita, Baba, Baba! Kimya. Nikafungua kwa kisu. Nilipoingia tu, kichwa kikaanza kunigonga, na makaa yalikuwa mekundu. Nikatoka, nikavuta pumzi, nikaingia tena. Maji, madirisha, kisha yeye. Kumbeba sikuweza. Ng'ombe mzima namtoa, Afande, lakini namtoa robo robo. Baba sikutaka kumtoa robo robo."

Koplo alicheka kisha akaona aibu. Mama Bucha mwenyewe alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Alijifuta kwa mkono wa koti.

"Nikapiga kengele, nikajificha nyuma ya ukuta. Nilipoona muuguzi amemwingiza ndani, nikaondoka. Niliogopa. Nilisema akifumbua macho akaniona mimi, moyo usije ukasimama tena."

Inspekta alitoa daftari lake. Kisha akasema, "Nitaandika kwamba ulivunja mlango."

"Andika, Afande. Ndivyo ilivyo."

"Na nitaandika kwa nini." Alisimama, akamshika mabega yote mawili. "Mama, kazi yangu ni kutafuta watu wa kufunga. Miaka inapita sijapewa mtu wa kushukuru. Ahsante. Sasa funga hilo shata, twende."

Aliita kituo kwa simu ya redio, na hakuzungumza sana. Walipofika hospitali, Fundi Pambo alikuwa ameshaletwa na gari jingine, amesimama kwenye ngazi za mlango na mkanda wake wa suruali bado mkononi. Alipomwona Mama Bucha, alimkimbilia, akapiga goti palepale mbele ya watu.

"Inuka wewe, unanitia aibu," Mama Bucha alimwambia. "Mimi ndiye wa kukupigia goti. Umelala ndani kwa ajili yangu."

Kitinda alikuwa kwenye ujia nje ya wodi. Aliwaona wakija, Inspekta mbele, na nyuma yake mwanamke wa koti jeupe mwenye mikono iliyofungwa vitambaa. Alivitazama vile vitambaa.

"Wifi?" alisema.

Mama Bucha aliinamisha kichwa. Kitinda alikuwa ameahidi kusema ahsante kwa mtu huyo. Badala yake alimkumbatia tu, akamng'ang'ania shingoni mpaka muuguzi akaja kuwaomba wasizibe njia.

Inspekta aliingia peke yake kwanza, kama taratibu zinavyotaka. Mzee Reli alikuwa ameegemezwa mito, bandeji kichwani, ndevu za siku mbili. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini akili ilikuwa mahali pake.

"Mzee, pole. Nina swali moja. Dohani uliizibia nini?"

Mzee alitazama dari. "Lahaula," alisema. "Ile nyeusi."

"Ile nyeusi. Karibu ikuue."

"Nilisema inaniangalia!" Alikohoa, akashika kifua, akatulia. "Basi hakuna mtu wa kulaumiwa ila mimi. Na fundi wangu? Nasikia mlimshika."

"Yuko nje. Hana kosa."

"Mwambie anisamehe. Nyumba yangu haijawahi kuwa na joto kama alivyoifanya yeye, nami badala ya kushukuru namfokea anitajie nchi." Aligeuza kichwa kwa shida. "Na aliyenivuta, mwanangu? Nakumbuka kitu kimoja tu. Nakumbuka nyota zinaondoka, mbingu inakuwa nyeupe, na mtu ananivuta huku analia, anasema, usife, Baba, usife. Kila nikifumba macho namsikia. Binti yangu anasema hakuwa yeye. Nani mwingine ananiita Baba?"

Inspekta alikwenda mlangoni, akaufungua, akasogea pembeni.

Mama Bucha aliingia hatua mbili, akasimama. Alikuwa ameficha mikono nyuma. Nyuma yake, Kitinda, Fundi na Koplo walibanana mlangoni, hakuna aliyethubutu kupita.

"Shikamoo, Baba," alisema.

Sauti ndiyo iliyomfikia Mzee kabla ya sura. Alimtazama kwa muda mrefu. Aliinua mkono wake, ule wenye sindano ya dripu, akaunyoosha kuelekea kwake, na Mama Bucha akalazimika kuukaribia ili usivutike. Mzee alivishika viganja vyake vilivyofungwa vitambaa, akavigeuza juu, akaona damu.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Ahsante. Sina neno jingine, lingekuwapo ningekupa. Ahsante."

"Usiongee sana, Baba. Daktari amekataza."

"Daktari hajui ninayodaiwa." Alipiga kitandani kwa kiganja, kumwonyesha mahali pa kukaa. Mama Bucha alisita, akatazama koti lake la kazi, akalivua, akalikunja, ndipo akakaa pembeni kabisa kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Mzee hakuuachia mkono wake.

"Kitinda," aliita.

"Abee, Baba."

"Mpigie simu kaka yako, popote alipo na lori lake. Usimpe habari za hospitali, atakimbiza gari barabarani. Mwambie tu asimtafute mkewe dukani. Mwambie mkewe yuko kwa baba yake."